Majiuso: Mhadhara wa Kwanza katika Uainishaji wa Manga kwa Vimiminika vya Uso

Mwanafunzi wangu, funga madaftari ya masomo mengine. Uchumi utakusubiri, elimu ya nyota itakusubiri, na sheria ya mirathi imezoea kusubiri. Leo tunaingia katika swali ambalo binadamu wamelikwepa tangu mwaka 1814, Katsushika Hokusai alipotoa kitabu cha kwanza cha michoro aliyoiita manga: kile kinachomtiririka usoni mtu aliyechorwa ni nini, kinatoka wapi, na kwa nini hubadilika kila tunapohama utanzu?

Nadharia yangu ni hii, nawe utaikariri. Utanzu wa manga haujulikani kwa kisa, wala kwa wahusika, wala kwa umri wa msomaji. Hujulikana kwa kimiminika.

Utaniambia kwamba tanzu zimekwisha kuainishwa. Kweli, wachapishaji wa Tokyo wamezigawa kwa kumtazama mnunuzi: shonen ya wavulana, shojo ya wasichana, seinen ya wanaume watu wazima, josei ya wanawake watu wazima. Mgawanyo huo unamfaa muuza magazeti. Kwa mwanazuoni ni sawa na kuainisha samaki kwa kumwangalia aliyebeba kikapu. Hata Makumbusho ya Kimataifa ya Manga ya Kyoto, yaliyofunguliwa mwaka 2006 katika jengo lililokuwa shule ya msingi, na yenye hazina ya vitu vipatavyo 300,000, yamepanga vitabu vyake kwa njia hiyohiyo. Kuta nzima za vitabu, na hakuna rafu iliyoandikwa "Jasho".

Wapo pia wanaodai kwamba utanzu hujulikana kwa nywele. Hao nawaita Wananywele, nao hutegemea sana Dragon Ball ya Toriyama Akira (1984–1995, juzuu 42), ambamo nywele za shujaa Goku hugeuka za dhahabu anapofikia daraja la Super Saiyan. Toriyama mwenyewe alikwisha kueleza kwamba nywele za dhahabu huachwa nyeupe kwenye karatasi, hivyo msaidizi wake akapumzika kuzijaza wino mweusi. Hoja yote ya Wananywele, basi, ni hoja ya kupunguza kazi ofisini. Nawaombea heri.

Fasili ya msingi. Majiuso ni kimiminika chochote kilichochorwa juu ya uso au kichwa, au kilichotoka huko kikaning'inia hewani, mradi hakijavuka mstari wa kidevu. Kikishuka shingoni kinaitwa majimwili, na hakituhusu. Andika hilo kwa wino mwekundu. Nimeona watu wazima wenye shahada wakichanganya jasho la panja na jasho la kwapa katika aya moja, tena bila haya.

Wajapani wana jina la jumla la alama hizi zote: manpu. Humo mna mshipa wa hasira uliochorwa mithili ya njia panda, mistari ya wima ishukayo kwenye paji la aliyekata tamaa, na vijistari vya haya mashavuni. Hizo ni alama kavu. Tunazisalimu na kupita.

Jambo moja la utaratibu: manga husomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Aliyepitia chuoni na juzuu Amma mkononi atakifungua kitabu upande unaostahili bila kuelekezwa. Wengine wataanzia mwisho, wataona machozi kabla ya msiba, na matokeo yao hayatakubaliwa.

Aina ya Kwanza: Jashowazo. Ni tone moja, kubwa, pana chini na lenye ncha juu, linalotokea mtu anapokosa la kusema, anaposikia upuuzi, au anapoona aibu kwa niaba ya mwenzake. Halina uhusiano na joto. Mtu aweza kulitoa akiwa katikati ya theluji. Makao yake ni vichekesho na shonen. Lina vijamii vitatu: jashowazo-panja, linaloshuka kando ya jicho, jashowazo-kisogo, linaloning'inia nyuma ya kichwa, na jashowazo-rushi, linaloruka pembeni kwa matone matatu madogo mtu anapoharakisha kujitetea. Yakiwa manne si rushi tena, ni mtawanyiko, na huo umetengewa muhula wa pili.

Jashowazo-kisogo limewasumbua wengi kwa kuwa hukaa juu ya nywele, mahali pasipo na ngozi. Hapo Wananywele hushangilia mapema. Lakini tazama ushahidi wa Doraemon, paka roboti wa Fujiko F. Fujio, aliyeanza kuonekana mwishoni mwa mwaka 1969 katika magazeti ya watoto wa shule. Huyu hana ngozi wala kinyweleo. Ametengenezwa kiwandani katika karne ya 22. Hata hivyo, Nobita, mvulana anayeishi naye, akirudi na karatasi ya mtihani yenye sifuri, Doraemon anatoka jasho. Mhandisi atasema roboti anavuja. Mwanamajiuso anasema jashowazo halitoki mwilini kabisa: hutua usoni kutoka nje. Hii ndiyo Kanuni ya Utuaji, na ikishakubalika, vitabu vya fizikia itabidi viandikwe upya kuanzia sura ya umande.

Wenye mashaka juu ya uzito wa jambo hili na wapige hesabu pamoja nami. Gazeti la Weekly Shonen Jump la kampuni ya Shueisha, lililoanza mwaka 1968, lilifikia nakala milioni 6.53 kwa toleo moja mwishoni mwa mwaka 1994. Tukadirie tone moja tu kwa kila nakala, na hapo ninakadiria kwa huruma. Matone 20 hufanya mililita moja. Tunapata lita 326 na nusu, yaani ndoo 16 za lita 20, na ya 17 imefika theluthi. Ndoo hizo zimepita mikononi mwa watoto wa Japani, na hakuna mamlaka ya maji iliyowahi kuziulizia.

Aina ya Pili: Jashokazi. Hili ni la manga ya michezo. Hutiririka, halining'inii; huwa jingi, jembamba, na hufuata mteremko wa shavu. Mwanafunzi dhaifu hulichanganya na Aina ya Kwanza, kwa hiyo nimebuni Kipimo cha Gumba: funika tone kwa kidole gumba. Fremu ikibaki inaeleweka, ulilofunika ni jashokazi. Kichekesho kikifa, ni jashowazo. Usilifanye hilo kwa kitabu cha kuazima.

Kwa Slam Dunk ya Inoue Takehiko (1990–1996, juzuu 31) kipimo hiki hakihitajiki. Mechi ya mwisho, Shohoku dhidi ya Sanno, inajaza juzuu kadhaa, na nukta zake za mwisho zimechorwa karibu bila neno lolote. Wahakiki wengine husifu ujasiri wa kunyamaza. Mimi nasifu kwamba maputo ya maneno yameondolewa yasizuie njia ya jasho. Ni kazi bora kuliko zote za utanzu wake, na ninalisema hili nikiwa sijui kanuni za mpira wa kikapu.

Captain Tsubasa ya Takahashi Yoichi, iliyoanza mwaka 1981, ni kisa kingine. Wasomaji wetu walioko Maskati wanamjua shujaa wake kama Kapteni Majid, jina alilopewa katika katuni ya Kiarabu. Uwanja wake ni mrefu kiasi kwamba mchezaji hukimbia, akakumbuka utoto wake, akajibizana na beki, akaapa kwa marafiki, na golikipa bado hajaona mpira. Kwa umbali ule jasho lilipaswa kukauka njiani. Halikauki. Wasomi wa kandanda hulalamikia urefu wa uwanja. Lalamiko lao limekosea shabaha. Kosa la Takahashi ni kwamba ametoa jasho lisilolingana na hali ya hewa.

Sasa kaa vizuri, maana tumefika mahali ambapo taaluma hii ilimwaga damu. Ashita no Joe, hadithi ya Kajiwara Ikki aliyetumia jina la Takamori Asao, michoro ya Chiba Tetsuya, ilitoka mwaka 1968 hadi 1973. Humo mna bondia Rikiishi Toru, mtu mkubwa, anayetaka kupigana na Joe, kijana mwepesi kuliko yeye. Sheria ya uzani haimruhusu. Rikiishi anaamua kujipunguza. Anaacha kula, kisha anaacha kunywa. Kiu inampandisha wazimu usiku, anakimbilia mabomba, anakuta yamefungwa kwa waya. Binti aitwaye Shiraki Yoko anamletea maji ya uvuguvugu. Rikiishi anamshukuru, anayamwaga. Angalia uso wake katika kurasa hizo. Mashavu yameingia ndani, macho yamezama, na majiuso yanapungua ukurasa baada ya ukurasa. Anapigana, anashinda, anaanguka, anafariki.

Wafasiri wa kawaida watakwambia aliuawa na ngumi ya panjani, kisha kisogo chake kikagonga kamba ya ulingo alipokuwa akianguka. Panja na kisogo! Rudi katika Aina ya Kwanza uone tumezitaja wapi sehemu hizo mbili. Mtu alikuwa na makao mawili ya jashowazo, yote mawili matupu, na ngumi ikatua mahali ambapo palipaswa kuwa na tone. Sihitaji kuongeza neno.

Tarehe 24 Machi 1970, mshairi na mwanatamthilia Terayama Shuji aliongoza maandalizi ya mazishi ya Rikiishi katika jengo la wachapishaji Kodansha, Tokyo. Walifika watu wapatao 700. Padri wa Kibuddha alikuwepo, na ulingo pia. Watu wazima walimwombolezea mtu wa wino, na majiuso yakavuka ukingo wa karatasi yakahamia nyusoni mwa wasomaji. Jambo hili huitwa uhamaji-majiuso. Sosholojia imelitaja kama tukio la vijana wa zama zile. Sosholojia hutaja mambo mengi.

Aina ya Tatu: Chozitungiko. Ni la shojo. Chozi la kawaida huanguka. Chozitungiko hukaa kwenye ukope fremu tatu, nne, likimulika chumba kizima. Katika Berusaiyu no Bara ya Ikeda Riyoko (1972–1973), Oscar, binti aliyelelewa kiume hadi akawa kamanda wa walinzi wa Malkia Marie Antoinette, analengwalengwa na machozi huku Mapinduzi ya Ufaransa yakimsubiri nje ya fremu. Mwaka 1974 kundi la Takarazuka, ambalo waigizaji wake wote ni wanawake, liliipandisha jukwaani. Kabla ya hapo wachoraji wa kike waliozaliwa takriban mwaka 1949, ambao ni mwaka wa 24 wa enzi ya Showa, akina Hagio Moto na Takemiya Keiko, walikwisha anza kuvunja kuta za fremu. Wahakiki wanasema walitaka kuonyesha mambo ya moyoni. Nami sipingi, ila naongeza kwamba chozi lilihitaji pa kupitia.

Lipo swali gumu hapa: je, nyota ing'aayo ndani ya jicho la shojo ni majiuso? Nimelikalia swali hili muda mrefu. Nyota ikiwa na ncha, ni mwanga, basi ni kavu. Ikiwa ya mviringo, ni maji. Ikiwa na ncha na mviringo kwa pamoja, msomaji ndiye anayelia. Wa kutatanisha zaidi ni Miuchi Suzue, ambaye katika Garasu no Kamen, iliyoanza mwaka 1976 na hadi leo haijafika mwisho, humtia mhusika macho meupe yasiyo na mboni anapopigwa na mshtuko. Macho hayo hayana nyota wala chozi. Nimeyapa daraja la muda la "hifadhi iliyofungwa", nikisubiri amalize. Miaka inakwenda.

Aina ya Nne: Ukavu. Mwaka 1957 Tatsumi Yoshihiro aliziita kazi zake gekiga ili zisichanganywe na vitabu vya watoto. Wanahistoria wanadai alitaka hadithi za watu wazima. Ukizitazama nyuso utaona alichotaka ni kitambaa cha kujifutia. Mtoto mkubwa wa ukoo huo ni Golgo 13 ya Saito Takao, iliyoanza mwaka 1968. Shujaa wake, muuaji wa kukodiwa aitwaye Duke Togo, ni mkavu wa macho kwa kila maana, na akiulizwa swali hujibu kwa nukta tupu ndani ya puto la maneno. Wahariri huzisoma nukta hizo kama ukimya. Nimezitazama kwa kioo cha kukuzia: ni matone. Ni jasho lililozuiliwa panjani, likatafuta njia mdomoni, likakauka kabla halijasomwa. Nukta tatu ni ukavu mchanga. Nukta sita ni ukavu uliokomaa.

Julai 2021 Golgo 13 ilitoa juzuu ya 201 na kuingia katika rekodi za Guinness kwa wingi wa juzuu za mfululizo mmoja. Iliyopitwa ni Kochikame ya Akimoto Osamu, iliyokuwa na juzuu 200, kisa cha Ryotsu, polisi wa kituo kidogo cha Tokyo anayetafuta utajiri wa haraka na kutokwa jasho kila mpango unapoharibika. Alilitoa kuanzia mwaka 1976 hadi 2016 bila kukosa toleo la gazeti. Pima ukubwa wa jambo hilo. Ukavu uliushinda unyevu kwa juzuu moja, na magazeti ya siku hiyo yaliandika habari za vitabu.

Aina ya Tano: Damupua. Ikisomwa mbele ya wakwe, aya hii irukwe. Ni damu inayomtoka puani mwanamume aliyeona alichopaswa kutokiona. Madaktari hawajathibitisha uhusiano huo, lakini tiba ni taaluma changa. Mfano bora uko katika Dragon Ball hiyohiyo. Yamcha anapigana na mtu asiyeonekana, na anapigwa vibaya. Mwenzake Kuririn anamburuta msichana Bulma mbele ya mzee Muten Roshi na kumfanyia jambo la aibu ambalo mhadhara huu hautalieleza. Damu inamtoka mzee kwa kishindo, inampaka yule asiyeonekana, anaonekana, anapigwa yeye. Wasomi wa maadili wanalaani tukio hilo, na kwa haki ya Bulma niko pamoja nao. Kwa haki ya sayansi, kioevu kilichofanya lisiloonekana lionekane kimefanya kazi ya darubini, na hakikuombewa ruzuku.

Aina ya Sita: Kamasiputo. Puto la kamasi linalotuna na kunywea puani mwa aliyelala. Likipasuka, ameamka.

Aina ya Saba: Udenda. Ungeutarajia kwa wingi katika manga ya mapishi, na hapo ndipo wanagenzi huaibika mtihanini. Oishinbo, iliyoandikwa na Kariya Tetsu na kuchorwa na Hanasaki Akira kuanzia mwaka 1983, ina mwandishi wa habari Yamaoka Shiro na baba yake Kaibara Yuzan, ambao huonja mchuzi kisha wakatoa hotuba. Anayehutubu humeza kwanza. Kwa hiyo utanzu wenye chakula kingi una udenda haba, na watu wake hutoa maelezo mahali pa mate. Shokugeki no Soma (2012–2019) ilitaka kurekebisha hali hiyo kwa kuwafanya waonjaji wachanikiwe na nguo. Nguo si kimiminika. Kazi imefeli.

Aina ya Nane: Jashopunje, la manga ya kutisha. Vitone vidogo vilivyopangwa kama shanga kwenye paji, kimoja kimoja, visivyoshuka. Ito Junji, aliyeanza na Tomie mwaka 1987, alikuwa fundi wa meno ya bandia kabla hajaacha kazi hiyo akachore, na mtu aliyezoea kupima mdomo wa binadamu kwa milimita haweki tone ovyo. Umezu Kazuo ni mkarimu mno. Katika Hyoryu Kyoshitsu (1972–1974) shule nzima ya msingi inang'olewa na kutupwa katika jangwa la wakati ujao, ambako maji ya kunywa yanakuwa shida. Na bado watoto wale wanapiga mayowe na kutokwa jasho kila ukurasa. Mwalimu mmoja wa majiuso angetosha kuwaokoa.

Limebaki tatizo moja, nalo ndilo linaninyima usingizi. Siku hizi umeenea utanzu wa isekai, ambamo mtu wa kawaida hufa kwa ajali au kwa kisu na kuzaliwa upya katika dunia nyingine akiwa na nguvu zisizopimika. Mwenye nguvu zisizopimika hatokwi jasho, na ndiyo maana utanzu huu unachosha. Lakini iko Tensei Shitara Slime Datta Ken, riwaya ya Fuse iliyoanza kuchorwa na Kawakami Taiki mwaka 2015. Shujaa wake ni mfanyakazi wa ofisini anayechomwa kisu barabarani na kuamka akiwa tone la ute. Hana pua. Hana panja, hana kisogo. Mwili mzima ni kimiminika, na kidevu cha kuwekea mpaka hakipo. Je, huyu ni majiuso yasiyo na uso, au ni uso ulioyeyuka wote? Wenzangu wangebadilisha fasili. Mimi nimetoa hukumu: tone lililoanza kama alama panjani limepata jina, limepata marafiki, limejenga dola. Halikuvunja taaluma, limehitimu.

Mtihani ni Jumatatu, saa mbili asubuhi. Swali ni moja, la alama mia: "Tone linaweza kutoa tone? Jadili." Kabla ya hapo soma juzuu zote 42 za Dragon Ball, ukiruka mapigano, kwa kuwa hayatatoka.